Giza Liliingia Lini? Safari ya Picha Kutoka Kitufe cha Kuwasha Hadi Kwenye Skrini

Mtu anapompelekea fundi kompyuta inayowasha taa na kuzungusha feni huku skrini ikibaki nyeusi, mara nyingi hupewa jibu hata kabla hajamaliza kueleza: grafiki, yaani sehemu ya kompyuta inayoshughulikia picha, imeungua. Nimelisikia jibu hilo katika maduka ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, na nimelisikia pia katika karakana za vijana wanaounda vifaa kando ya Ngong Road. Linagharimu watu pesa nyingi, kwa sababu anayeliamini hununua kadi mpya au madabodi nzima, ilhali kilichokosekana huenda ni mstari mmoja wa maelezo ndani ya faili.

Kijana mmoja aliyekuwa akiunda kibao cha kuonyesha majina ya vituo ndani ya matatu alinijia na kifaa chake kikiwa kimezungushiwa gazeti. Alikiwasha mbele yangu. Nembo ikatokea, maandishi machache yakapita, kisha kioo kikawa cheusi. Duka alikonunua kioo lilikuwa limemuuzia kingine, nacho kikafanya vivyo hivyo, kwa hiyo sasa alikuwa anakusanya pesa za bodi ya pili. Nilimuuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza: giza liliingia lini?

Nitaeleza kwa nini swali hilo lina uzito kuliko lile la kadi gani inunuliwe.

Picha inakaa wapi

Picha unayoiona kwenye skrini huhifadhiwa kwanza katika kumbukumbu ya kompyuta, kwenye eneo ambalo kila kitone cha skrini kimetengewa nafasi yake. Eneo hilo nitaliita bufa ya picha. Skrini yenye vitone 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu, kila kitone kikichukua baiti 4, inahitaji bufa ya baiti 8,294,400. Kisha kuna sakiti inayoitwa kidhibiti cha onyesho, ambayo kazi yake ni kuisoma bufa hiyo mstari kwa mstari kutoka juu hadi chini na kuirusha kwenye waya, kwa kawaida mara 60 kila sekunde, bila kupumzika. Kiendeshi, ambacho mafundi wengi hukiita draiva, ni programu inayoiambia sakiti hiyo isome wapi, kwa kasi gani, na ipeleke kwenye waya upi. Kuanzisha onyesho ni jumla ya hatua zote zinazopaswa kukamilika, kwa mpangilio wake, kabla kitone cha kwanza hakijaonekana.

Watu wengi wakisikia grafiki hufikiria michezo ya video. Kazi ya kuchora maumbo na kazi ya kuyaonyesha ni idara mbili tofauti ndani ya chipu moja, na idara ya kwanza inaweza kuwa nzima kabisa huku ya pili haijaamka. Makala haya yanahusu hiyo ya pili.

Walinzi wawili wa lango moja

Kompyuta ya kawaida haina kiendeshi kimoja cha onyesho. Ina viwili au zaidi vinavyopokezana. Unapobonyeza kitufe, mfumo endeshi bado umelala kwenye diski. Anayewasha skrini wakati huo ni programu dhibiti, yaani programu ndogo iliyohifadhiwa ndani ya chipu ya bodi yenyewe. Katika kompyuta za kisasa programu hiyo hufuata kanuni za UEFI: huandaa bufa ya picha, huonyesha nembo ya kiwanda, kisha huiachia kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, anwani ya bufa hiyo, upana wake, urefu wake na mpangilio wa rangi zake. Kerneli huitumia bufa hiyo ya kuazima kuandika maandishi ya kwanza. Katika mfumo endeshi wa Linux kazi hii siku hizi inaweza kufanywa na kiendeshi kidogo kiitwacho simpledrm, kilichoingizwa katika toleo la 5.14 mwaka 2021. Baadaye ndipo kiendeshi kamili cha chipu husika, kama vile i915 cha Intel au amdgpu cha AMD, hufika na kuchukua kazi.

Aliyekaa katika mtaa wenye lango la pamoja, iwe Umoja au South B, anajua jinsi mlinzi wa usiku anavyomkabidhi mwenzake wa mchana funguo alfajiri. Wa usiku akiondoka kabla wa mchana hajafika, lango hubaki bila mtu. Na wa mchana akifika huku funguo amezisahau nyumbani, lango hubaki limefungwa ingawa mlinzi yupo na ni mzima. Giza linaloingia baada ya nembo kuonekana, mara nyingi sana, ni tatizo la makabidhiano ya aina hii. Nembo yenyewe ni ushahidi: ikiwa uliiona, basi waya unapitisha picha, kioo kinafanya kazi, taa yake inawaka, na kidhibiti cha onyesho kinaweza kusoma kumbukumbu. Anayekuuzia kadi baada ya kuiona nembo hiyo hajautazama ushahidi uliokuwa mbele yake.

Hali ya funguo zilizosahauliwa hutokea zaidi ya watu wanavyodhani. Chipu nyingi za kisasa haziwezi kuanza mpaka kiendeshi kizipelekee faili la programu dhibiti yao. Kiendeshi kikiamshwa mapema, wakati kerneli bado inatumia mfumo mdogo wa faili wa kuanzia na diski halisi haijafunguliwa, nalo faili hilo halikuwekwa ndani ya mfumo huo mdogo, kiendeshi kitalitafuta na kulikosa. Ikiwa wakati huo bufa ya kuazima imekwisha kuachiliwa, kinachobaki ni giza. Faili liko kwenye diski, sekunde chache mbele, mahali ambapo bado hapajafikika.

Kuna neno ambalo vijana hupeana kama dawa: nomodeset. Ukiliandika kwenye mstari wa kuwashia wa Linux, yaani maelekezo ambayo kerneli hupewa inapoanza, unawazuia viendeshi kamili wasichukue lango, na picha inabaki kwenye bufa ya kuazima. Ni kipimo kizuri sana, kwa maana picha ikibaki umekwisha kujua kwamba kosa liko kwenye makabidhiano. Lakini si tiba. Nimeona kompyuta za ofisi zikitumika hivyo kwa muda mrefu, bila uwezo wa kupunguza mwangaza wala kutumia skrini ya pili, kwa sababu aliyeliandika aliona picha imerudi akaondoka.

Wanafunzi wanaojaribu kuandika kerneli zao wenyewe huangukia upande mwingine wa jambo hili. Mafunzo ya zamani huwaambia waandike herufi kwenye anwani ya kumbukumbu 0xB8000, na kweli, katika hali ya maandishi ya VGA, mfumo wa onyesho ambao IBM iliutoa mwaka 1987, baiti 4000 kuanzia hapo zilitosha kwa mistari 25 ya herufi 80. Kwenye mashine iliyowashwa kwa UEFI hali hiyo ya maandishi kwa kawaida haipo. Mwanafunzi huandika herufi yake, hakuna kosa linalotangazwa, na hakuna kinachoonekana. Mashine yake ni nzima. Ameandika kwenye ubao ambao hakuna anayeusoma.

Kupata sauti nyingine

Ugumu wa kazi hii uko hapa: hitilafu nyingine za kompyuta hutangazwa kwenye skrini, ila hitilafu ya skrini haina pa kutangaziwa. Ndiyo maana hatua ya kwanza ya mtu anayeandika kiendeshi cha onyesho ni kutafuta sauti ya pili kabla ya kugusa chochote kingine.

Kwenye bodi ndogo sauti hiyo ni mlango wa siriali, njia inayopeleka herufi mojamoja kwa waya. Unahitaji kibadilishi cha USB na nyaya tatu: ya kutuma, ya kupokea, na ya ardhi, huku kutuma kwa upande mmoja kukiunganishwa na kupokea kwa upande wa pili. Kasi inayotumika mara nyingi ni biti 115200 kwa sekunde. Hakikisha kibadilishi chako ni cha volti 3.3 ikiwa bodi ni ya volti 3.3, kwa sababu volti 5 zinaweza kuichoma pini, na hapo utakuwa umetengeneza hitilafu ya kweli ukiitafuta ya kudhaniwa. Baada ya hapo kerneli itakusimulia kila inachofanya, giza au nuru.

Kwenye laptopu isiyo na mlango huo, bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima unapobonyeza, mfumo uko hai na ni onyesho pekee lililokwama. Unaweza pia kuingia kwa SSH, njia ya kuiamuru kompyuta kwa mbali, kutoka kompyuta nyingine ikiwa mtandao umeamka, ukasome kumbukumbu za kerneli, yaani maandishi ya kila ilichofanya. Na unapoandika kiendeshi mwenyewe, ukishaweza kuifikia bufa ya picha, ijaze rangi moja baada ya kila hatua: nyekundu, kisha kijani, kisha buluu. Rangi ya mwisho uliyoiona ndiyo hatua ya mwisho iliyofaulu.

Hapo pia ndipo ulipo mkanganyiko wa skrini ya buluu, ile ambayo Windows iliionyesha kwa miaka mingi ilipoanguka. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho lenye kasoro la programu ya usalama ya CrowdStrike liliziangusha kompyuta za Windows takriban milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft, na watu wengi walizungumza kana kwamba ni skrini zilizoharibika. Skrini ya buluu yenye maandishi ni onyesho linalofanya kazi yake kikamilifu wakati sehemu nyingine ya mfumo imeanguka. Linux nayo imeanza kupata uwezo kama huo tangu toleo la 6.10, pale kerneli inapoanguka na kiendeshi husika kikiwa kimeandaliwa kuonyesha ujumbe wa mwisho.

Hatua ambazo hukwama

Baada ya umeme, kiendeshi lazima kijue kama kuna skrini upande wa pili. Katika HDMI, kompyuta hutoa volti 5 kwenye pini ya 18, na skrini hujibu kwa kupandisha volteji ya pini ya 19, kana kwamba inaitikia hodi. Skrini nyingine huchelewa kuitika, na kiendeshi kinachobisha mara moja tu na kuondoka kitaamua kwamba hakuna mtu. Kwa miaka mingi faili la mipangilio la Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, lilikuwa na mstari wa hdmi_force_hotplug=1 kwa ajili ya hali hiyo: uliiamuru bodi ichukulie kwamba skrini ipo hata isipoitika. Vibadilishi vya HDMI kwenda VGA, vinavyotumika sana na projekta za zamani makanisani na madarasani, vina shida yao ya ziada. Vingi hujilisha umeme kutoka kwenye pini hiyo hiyo ya 18, na kiwango cha HDMI kinaidai kompyuta iweze kutoa miliampea 55 tu. Kibadilishi chenye njaa kuliko hiyo kinaweza kufanya kazi kwenye kompyuta moja na kukataa kwenye nyingine, na hakuna kati yake iliyoharibika.

Hodi ikiitikiwa, hufuata vipimo. Fundi cherehani hakati kitambaa kabla ya kumpima mteja, na kiendeshi vivyo hivyo husoma karatasi ya vipimo iliyo ndani ya skrini, iitwayo EDID, muundo ambao muungano wa VESA uliutoa mwaka 1994. Sehemu yake ya msingi ni baiti 128. Huanza na 00, yaani baiti ambayo biti zake zote ni 0, hufuata FF, ambayo biti zake zote ni 1, mara sita, kisha 00 tena. Na ukijumlisha baiti zote 128, jumla lazima igawanyike kwa 256 bila baki. Mimi hupenda kuzitazama baiti zenyewe kabla ya kuamini ujumbe wowote wa kosa, kwa sababu zinasema mengi. Ukikuta FF tupu kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa kawaida hakuna aliyejibu, maana nyaya zinazobeba vipimo hivi zikiachwa peke yake hukaa kwenye volteji ya juu, inayosomwa kama 1. Ukikuta 00 tupu, shuku kwamba kuna kitu kinachouvuta waya chini. Mwanzo ukiwa sahihi na jumla ikakataa, usomaji ulianza vizuri ukaharibikia njiani.

Vipimo hivi hupita kwenye nyaya mbili za polepole, tofauti na zile zinazobeba picha. Ndiyo maana kebo inaweza kupitisha picha safi na bado ikamnyima kiendeshi vipimo. Linux ikijua skrini ipo lakini ikakosa EDID, hurudi kwenye saizi ya tahadhari isiyozidi 1024 kwa 768, na mwenye televisheni kubwa huona picha iliyovutwa akadhani kadi yake ni dhaifu. Hapo kebo nyingine nzima, hata ya bei nafuu, inatosha. Imani kwamba kebo ya HDMI ya bei kubwa hung'arisha rangi haina msingi, kwa sababu tarakimu ama zimefika ama hazikufika.

Kutokana na vipimo, kiendeshi hupanga mapigo, yaani mdundo wa umeme unaokiongoza kidhibiti kutuma kitone kimoja baada ya kingine. Kwa picha ya 1920 kwa 1080 katika muundo wa kawaida wa HDMI, kidhibiti hakitumi vitone hivyo tu. Huhesabu 2200 kwa kila mstari na mistari 1125 kwa kila picha, zile za ziada zikiwa pumziko lililorithiwa kutoka skrini za kale ambazo mwale wake ulihitaji muda wa kurudi mwanzo wa mstari. Zidisha kwa 60 na utapata mapigo 148,500,000 kwa sekunde. Kitoa mapigo kikikosea sana, skrini huandika kwamba haina ishara au kwamba ishara iko nje ya uwezo wake. Ujumbe huo wa pili nao ni ushahidi, kwa kuwa ishara ilifika na hesabu ndiyo iliyokosea.

DisplayPort, aina nyingine ya muunganisho wa skrini, pamoja na jamaa yake anayeunganisha vioo vya laptopu nyingi, huongeza mazoezi ya kusikilizana kabla ya picha. Ni kama watu wawili wanaoitana ng'ambo na ng'ambo ya soko la Gikomba lililojaa watu: mmoja hupaza sauti, mwenzake huashiria kama amesikia, na wasiposikilizana wanaongeza sauti zaidi au wanapunguza kasi ya maneno. Mazoezi yakishindwa kwa kila kasi, kiendeshi hakina cha kufanya ila kuacha kioo gizani, na kumbukumbu za kerneli kwa kawaida hulitaja jambo hilo waziwazi.

Picha inaweza pia kuwepo bila kuonekana. Chukua tochi ya simu, zima taa za chumba, uimulike laptopu kwa mshazari karibu kabisa na kioo. Ukiona kwa mbali kivuli cha madirisha au herufi, kila nilichokieleza kimefaulu na taa ya nyuma ndiyo iliyogoma. Kipimo hicho ni cha bure, na ningependa kila fundi akifanye mbele ya mteja kabla ya kutaja bei.

Kisha kuna picha inayoonekana lakini imepotoka, na hapa nitakawia kidogo kwa sababu laptopu nyingi zinazouzwa Nairobi baada ya kutumika ng'ambo zina kioo cha 1366 kwa 768. Mstari wa vitone 1366 unachukua baiti 5464. Chipu nyingi hupenda kila mstari uanzie kwenye kizidishi cha 64, kwa hiyo mstari hupewa baiti 5504 na 40 za mwisho hubaki tupu. Fikiria msimamizi wa mtihani anayegawa karatasi katika ukumbi ambao kila safu ina madawati 10 ya mwisho yasiyo na watahiniwa. Asipoambiwa habari ya madawati hayo, ataweka karatasi za safu ya pili kwenye madawati matupu ya safu ya kwanza, na kosa litaongezeka kwa madawati 10 kila safu. Kwenye skrini matokeo yake ni picha inayolala mshazari, kila mstari ukiwa umesogea vitone 10 kuliko uliotangulia. Ukiiona picha iliyopinda hivyo, kioo chako hakina kosa. Upana wa mstari katika kumbukumbu ndio uliochukuliwa kuwa sawa na upana wa picha. Na nyuso zikionekana za buluu, nyekundu na buluu zimebadilishana nafasi ndani ya kitone.

Kibao cha matatu

Kwa kifaa cha yule kijana, tuliunganisha siriali na kukiwasha tena. Maandishi yaliendelea kutiririka kwenye laptopu yangu muda mrefu baada ya kioo kuzima, kwa hiyo mfumo ulikuwa hai. Hakukuwa na kiendeshi kamili cha onyesho katika kerneli yake. Alitegemea bufa ya kuazima kutoka programu ya kuwashia, na hilo linaruhusiwa. Giza liliingia mwishoni kabisa mwa kuamka kwa kerneli, kila mara mahali pale pale.

Linux ina desturi ifuatayo. Ikimaliza kuamka, huzunguka kama keateka wa jengo la kupanga na kuzima vitoa mapigo vyote ambavyo hakuna kiendeshi kilichojiandikisha kuvitumia. Programu ya kuwashia ilikuwa imewasha kitoa mapigo cha onyesho, lakini ilishaondoka bila kuacha jina kwenye daftari. Keateka alikuta chumba kinachowaka taa bila mpangaji, akazima. Vidhibiti vya volteji visivyo na mwenyewe vina zamu yao tofauti, katika kerneli za miaka ya karibuni takriban sekunde 30 baadaye, na kwa sababu hiyo kioo kinachozima baada ya nusu dakika kingenifanya nishuku umeme badala ya mapigo.

Tulijaribu kwanza kwa kuongeza clk_ignore_unused kwenye mstari wa kuwashia, neno linaloikataza kerneli kuzima vitoa mapigo visivyo na mtumiaji. Kioo kikabaki kinawaka. Kisha tuliliondoa, kwa sababu linaacha pia mapigo mengine yakila umeme bure, na badala yake tukafungua faili la mti wa vifaa, ambalo huieleza kerneli bodi ina nini. Kwenye sehemu inayotaja bufa ya kuazima tukaongeza mstari unaoorodhesha kitoa mapigo cha onyesho, ili jina liwepo kwenye daftari. Tuliwasha mara tatu. Nembo ikaja, maandishi yakapita, na jina la kituo cha kwanza likatokea kwenye kioo kile cha awali, alichokuwa amekiweka kando akiamini kimekufa.